Unga Mweupe wa Matanga

Mama wa watu bado amepiga magoti. Wiki nzima mmenyang'anyana gazeti na kunitumia salamu zenye matusi ndani, na yeye bado yuko pale chini, sahani mbele yake, kijiji kimemzunguka. Na mimi bado nina hasira, kwa hiyo tuendelee.

Kwa aliyeingia leo: mazishi ya mzee Erifazi, kule mlimani juu ya mji wetu wa mpakani, Bwera, yamejaza wodi za hospitali. Wawili wamekwisha kufa. Wote walioanguka walikula bundu, ugali wetu wa muhogo, uliosongwa kwa unga wa Bulandina. Kijiji kikasema Bulandina ni mchawi. Mzee Tefiro, mwenyekiti wa kamati ya afya ya kanisa, akaagiza unga uleule usongwe tena. Akaweka sahani mbele ya yule mama na kusema, kama huna hatia, kula.

Na Bulandina alitaka kula. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

"Leteni maji ninawe mikono," alisema. "Nimelisha kijiji hiki tangu huyu Tefiro anakimbia bila suruali. Nitakula, nitamaliza sahani, halafu mtakuja mmoja mmoja kuniomba msamaha. Na sitawapa."

Maji yakaletwa. Akanawa. Akakata tonge, akalifinyanga taratibu kama mtu aliye nyumbani kwake.

Ndipo pikapu ikapanda kilima kwa fujo na kusimama nje ya ua. Akaruka Gorret, binti mkubwa wa Bulandina, yule anayewauzia chakula madereva wa malori kule Hima. Nyuma yake akashuka Tukamushaba, mwanamke wa maabara ya hospitali. Njia nzima kutoka hospitalini Tukamushaba alikuwa amemweleza jambo moja tu, na jambo hilo lilikuwa limemtia Gorret wazimu.

Tefiro alimwona. Akawanong'oneza vijana wawili waliosimama karibu naye. Vijana wakatoka kuelekea kwenye pikapu. Gorret hakuwaangalia. Alikuwa anaangalia tonge.

Akapenya katikati ya watu kwa viwiko. Mkono wa mama yake ulikuwa umefika kidevuni. Gorret akaupiga mkono ule, tonge likaruka. Kisha akaipiga teke sahani, ikabingiria hadi miguuni mwa mchungaji.

"Mama, usile. Ina sumu."

Mchungaji akaondoa mguu wake kwenye ugali.

Halafu Tefiro akainua mikono yote miwili juu. "Mmesikia? Mimi sikusema. Damu yake mwenyewe imesema."

Wallahi, kama kuna neno linaloweza kumuua mama kwa mdomo wa mtoto wake, ndilo lile. Gorret alikuja kumwokoa, na kwa sentensi moja akawa amemkabidhi kwa wanaotaka kumchoma moto. Bulandina aliinua macho akamtazama binti yake.

"Gorret," alisema polepole. "Umeniuza?"

"Mama, nisikilize—"

"Nimekuuliza. Unga wangu una sumu?"

Jiwe la kwanza likampiga Bulandina begani kabla hajajibiwa. La pili likamkosa. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba nyumba ichomwe kwanza, mwenyewe baadaye, na wengine wakaanza kubishana naye, si kwamba isichomwe, bali nani awashe.

"Kaa chini."

Sauti hiyo haikuwa kubwa. Ilikuwa ya Ocan, askari wa kituo cha polisi cha chini, Mwacholi mrefu aliyepanda kilima kwa miguu na shati limelowa. Bunduki ilikuwa begani.

"Nimesema kaa chini. Wote. Wewe na hiyo jiwe, nani amekuambia simama?"

"Afande, huyu mama iko mulozi," mtu akasema. "Mutoto yake mwenyewe amekubali."

"Mulozi nitamuweka ndani mimi. Kazi yangu hiyo, si ya jiwe." Ocan akawapita mpaka katikati. Akamwinamia Gorret, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, mimi iko peke yangu na nyinyi iko kilima muzima. Kama iko na maneno ya kusaidia mama yako, sema sasa. Sema haraka."

Gorret akageukia watu. Uso ulikuwa umemvimba kwa hasira na machozi pamoja, na vyote viwili vikamzidishia ukali.

"Unga una sumu, ndiyo. Na mama yangu si mchawi. Mtayameza yote mawili leo, hata kama yatawakwama."

"Haiwezekani yote mawili," akadakia Tefiro.

"Mzee Tefiro, ukinikatiza tena nitasahau umri wako. Nauliza jambo dogo. Nani aliugua? Nani hasa?"

Watu wakatazamana. Jibu kila mmoja alilijua, kwa sababu ndilo lililozaa habari ya uchawi. Walioanguka walikuwa wageni wa hemani: ndugu wa marehemu, wakwe, wazee wa kanisa. Bulandina, walisema, aliuchagua ukoo wa Erifazi akaufyeka.

"Watu wa hema," akajibu mtu.

"Na wa jikoni je? Waliosonga, walioonja, waliokula ukoko wa sufuria? Nani kati yao amelala hospitali?"

Yudesi, mama mnene aliyeongoza wapishi siku ile, alijitokeza akiwa bado amefunga kitambaa chake cha jikoni. Yeye ni mzaliwa wa ng'ambo, Kasindi kule Kongo, na Kiswahili chake hakijawahi kuvuka mpaka kuja huku.

"Hakuna," alisema. "Batu ya jikoni bote beko bazima. Sisi hatukukula ile ya mweupe. Ile walisema ni ya wageni ya heshima. Sisi tulikula ya kwangu, ile ya nyeusi-nyeusi, yenye kunuka."

"Kwa nini ya mama ilikuwa nyeupe?" Gorret akauliza.

Mnajua wenyewe mambo yetu. Unga wa muhogo uliolowekwa sawasawa unanuka, na sisi tukipata mgeni kutoka Kampala tunauonea haya. Siku ya mazishi kila mtu aliusifu unga wa Bulandina: mweupe, hauna harufu hata kidogo, unapendeza kwenye sahani. Sasa wale wale waliousifu walikuwa wameshika mawe.

Tukamushaba akasogea. Hakuwa mtu wa mikutano, na alianza kwa sauti ya kanisani.

"Muhogo huu wa huku, ule mchungu, una sumu tangu shambani. Inaitwa sianidi. Iko kwenye mizizi. Nimeipima kwenye unga wa matanga, ni nyingi kupita kiasi."

"Tumekula muhogo tangu babu zetu," akasema mzee mmoja. "Babu zetu hawakufa?"

"Hawakufa kwa sababu walikuwa wanaloweka, mzee. Ndani ya maji ya kulowekea kuna bakteria, vijidudu. Hao ndio wanaoulainisha muhogo mpaka sumu inatoka kwenye nyama yake. Nyingine inaruka na hewa, nyingine inamwagika na maji. Na wako vijidudu kati yao ambao sumu hiyo kwao ni chakula."

"Chakula?" Ocan akauliza. Alikuwa amesahau kwa muda kwamba ana haraka.

"Chakula, afande. Wanaivunjavunja, wanachukua naitrojeni iliyomo, wanajengea miili yao. Kama mahindi yanavyochukua samadi. Sisi inatuua, wao inawanenepesha, wanazaana, wanatafuta nyingine. Ile harufu mnayoikimbia ni ya kazi yao."

Kicheko kidogo kikapita kwa wanawake. Hakikufika kwa wanaume.

"Kwa hiyo," Gorret akamalizia, "kama muhogo umelowekwa na vijidudu hawamo, mtakula sumu yote, nyeupe, safi, haina harufu. Mama. Pipa lako lilikuwa na nini?"

Bulandina alikuwa bado chini, mkono kwenye bega lililopigwa. Alimjibu binti yake kama anayemjibu mpita njia.

"Wewe unajua pipa langu lilivyo. Simwagi maji yote. Kila mara nabakiza yale ya zamani, namimina juu ya mapya. Nilipoolewa mama yangu alinipa dumu la maji hayo nikalibeba kichwani kutoka kwetu mpaka hapa. Watu walinicheka, bibi harusi ananuka. Nikawaambia, bila haya muhogo haulainiki."

"Na safari hii?"

Hapo hasira yake yote ikapata njia.

"Safari hii uligoma. Nililoweka, nikangoja, nikashika, mgumu kama siku ya kwanza. Maji meupe, hayana povu, hayana harufu. Nikasema, pipa langu limekufa. Nikamwambia huyu," akamnyooshea Tefiro kidole, "nikamwambia, mwenyekiti, muhogo umekataa, nipeni siku nyingine. Akasema maiti haisubiri muhogo. Akasema katakata, anika, twanga, watu watakula. Nikatii. Hilo kosa ni langu na nitalijibu kwa Mungu. Lakini mimi sikuliua pipa langu."

"Nani aliliua?" Gorret akauliza. Aliuliza watu, lakini alikuwa anamwangalia mtu mmoja.

"Mimi niliona," akasema Yudesi.

"Yudesi, kaa chini," Tefiro akamwambia.

"Sikai. Ulikuya kwangu pia na ile dawa ya mayi. Ukasema mayi ya pipa iko na kunuka, kolera inalala mule. Mimi nikakufukuza na mwiko. Ukaenda kwa Bulandina, yeye alikuwa kwa shamba. Nilikuona na hii macho yangu, unafungua pipa, unatupa vidonge. Si kimoja. Mukono muzima."

Klorini, msomaji wangu. Vidonge vile tulivyopewa vya kusafisha maji ya kunywa, tangu mto Nyamwamba ulipofurika ule mwaka wa elfu mbili kumi na tatu na kipindupindu kikawa wimbo wa kila kamati. Vidonge vyema, vimeokoa watu. Lakini vidonge havibagui. Vinaua kijidudu cha kipindupindu na vinaua kijidudu kinachokula sumu ya muhogo, na mwenyekiti wetu alivitupa gizani mwa pipa la mtu bila hodi.

Minong'ono ikaanza kugeuka. Tefiro aliisikia inageuka. Hakuwa mjinga.

"Nilifanya kwa nia njema," alisema. "Kamati iliagiza maji yote ya kijiji yatiwe dawa. Yote. Mimi nilijua nini habari za vijidudu wazuri? Kuna mtu hapa alijua? Mmenichagua niwalinde na kipindupindu, nimewalinda. Leo mnanihukumu kwa kutojua?"

Na nitasema kweli ingawa inaniudhi: wengi walikubali kwa kichwa. Hata Ocan alikuna shingo. Mtu anaweza kukosea kwa kutojua. Bulandina mwenyewe alikosea. Mambo yangeweza kwisha pale, watu wakalia, wakasali, wakarudi hospitali kuwaangalia wagonjwa wao.

Kama Tukamushaba asingefungua mdomo tena.

"Lakini mwenyekiti," alisema, na sauti ya kanisani ilikuwa imemtoka, "mimi nilikuambia jana."

Tefiro akamtazama mchungaji.

"Jana asubuhi. Majibu yalipotoka nilikupigia simu, kwa sababu wewe ndiye mwenyekiti wa afya. Nikakuambia ni unga, si uchawi. Nikakuuliza maji yalitiwa nini, ukakata simu. Nikadhani utawatangazia watu. Leo Gorret amekuja maabara kugombana na mimi juu ya majibu, ndipo nikajua hukumwambia mtu."

Gorret akamwendea Tefiro mpaka pua zikakaribiana.

"Ulijua." Hakupaza sauti sasa. "Jana ulijua ni sumu. Leo umeisonga, umeiweka mbele ya mama yangu, umemwambia kula."

"Gorret—"

"Angekula. Ulimjua mama, ulijua atakula kwa kiburi chake. Angekufa mbele ya watu wote, mngesema Mungu amemhukumu mchawi, na habari ya vidonge vyako ingezikwa naye. Ndivyo ulivyopanga, mzee wa kanisa? Nijibu."

Mchungaji aliyekuwa karibu na Tefiro alisogea pembeni. Mawe yalikuwa bado mikononi mwa watu, na mikono ikaanza kutafuta pa kuyaelekeza.

"Weka chini hiyo mawe," Ocan akasema. "Sitarudia." Akamshika Tefiro mkono wa shati. Kisha akamgeukia Bulandina na kumsaidia kusimama. "Mama, unga ya namna hii iko ingine? Au yote iliisha kwa matanga?"

Swali la kiaskari tu, la kufunga kazi.

"Yalikuwa magunia mawili," Bulandina alijibu. "Moja la matanga. La pili alilichukua yeye mwenyewe, alisema ni zuri mno, jeupe, litafaa kwa ubatizo wa mjukuu wake kule Hamukungu, kijiji cha wavuvi. Mkewe alisafiri nalo."

Kila mtu akamtazama Tefiro.

"Ubatizo ni kesho," akasema haraka. "Nilipanga kwenda asubuhi na mapema kulibadilisha. Hawatapika leo. Wanangoja kesho."

"Jana ulikuwa na simu," Gorret akamwambia. "Kwa nini hukumpigia mkeo?"

"Ningemwambia nini?"

Basi, hapo umejibiwa. Ili amwambie mkewe asipike, ingebidi amwambie kwa nini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alikuwa amemficha hata mama watoto wake.

Ocan akaitoa simu kwenye mfuko wa Tefiro, katochi kadogo ka vitufe, akamwekea mkononi. "Piga. Weka sauti kubwa."

Simu iliita mpaka watu wakaanza kusali. Ikapokelewa. Ilikuwa sauti ya Immy, binti yake Tefiro, mama wa mtoto wa kubatizwa.

"Baba, shikamoo. Umesikia? Mchungaji wa huku amesogeza, tumebatiza leo. Wageni ni wengi, baba, unga umesifiwa mpaka basi. Kila mtu anauliza umetoka wapi."

"Immy. Mmekula?"

"Tumeshakula. Mama amelala kidogo, anasema kichwa kinazunguka. Na mimi tumbo si zuri, labda ni yule samaki, ngege, alikuwa wa jana. Baba? Unalia?"

Tefiro alianguka magoti. Palepale, kwenye udongo uleule alipokuwa amepiga magoti Bulandina, pembeni ya tonge.

Tukamushaba ndiye aliyezinduka wa kwanza. "Dawa ya kuikata sumu hii iko hospitalini, ililetwa jana kutoka Kampala. Tushuke Bwera tuichukue, twende moja kwa moja. Hamukungu jioni hakuna gari, iko katikati ya hifadhi ya wanyama, malori ya samaki yametoka asubuhi. Hapa juu gari ni lile moja."

Lile moja lilikuwa la Gorret. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

"Gorret, binti yangu," Tefiro akasema. "Nakuomba."

Gorret hakusogea. Mimi simlaumu, na wewe usimlaumu haraka.

"Sema kwanza," alisema. "Sema mama yangu si mchawi."

"Si mchawi."

"Wa nyuma hawakusikia."

"Bulandina si mchawi. Ni mimi. Nilijua, ni mimi. Gorret, mwanangu amekula sumu."

"Sema tena ulijua tangu lini."

Kofi lilimpata Gorret shavuni kabla Tefiro hajajibu. Lilikuwa la mama yake. Bulandina akamnyang'anya ufunguo.

"Kuna mama mwenye kichanga kule, na wewe umesimama hapa unamfinya baba yake," alisema. "Yeye alikaa na neno mdomoni siku nzima, watu wakala sumu. Wewe unakaa na gari. Mna tofauti gani? Hasira yako nitaisikiliza njiani. Tefiro, simama, panda nyuma. Yudesi, lete maji ya kunywa. Twendeni."

Watu wakampisha. Wale wale. Akatembea mbele na bega lake lililovimba, Gorret nyuma yake ameshika shavu, Tukamushaba, Ocan, na Tefiro akiburutika na simu imewashwa mkononi.

Wakatoka nje ya ua. Bulandina akasimama.

Pikapu ilikuwa imelala kwenye udongo. Magurudumu yote yalikuwa yametobolewa, upepo umekwisha, chuma kimegusa ardhi. Kando yake walikuwa wamekaa wale vijana wawili, mmoja bado ana msumari mkononi, wanangoja kusifiwa.

"Mzee," yule wa msumari akamwambia Tefiro, "tumefanya kama ulivyotutuma. Hawatakimbia."

Kwenye simu, Immy alikuwa anakohoa, kisha akarudi, sauti imekuwa ndogo.

"Baba, nimesikia watu wengi. Mko njiani mnakuja?"